Maradhi ya Ukoo: Tuwaambie Watoto Wetu Kabla ya Nikaah



Leo tumeazimia kuzungumzia jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi husemwa kwa kunong'ona tu, nalo ni maradhi ya ubongo yanayorithiwa kutoka kwa baba au mama kwenda kwa mtoto. Tumelichelewesha jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu ndani yake mna kosa letu wenyewe. Tukiwa walimu tunaowafundisha watoto wenu kukiri makosa, haifai tuyafiche ya kwetu.

Yaliyotokea mtaani kwetu

Hapa Mafubira palikuwa na mzee mmoja, fundi seremala, mtu wa swala tano na mwenye mkono mzuri wa kazi. Alipofikia umri wa miaka arobaini na kitu, mikono yake ilianza kucheza yenyewe. Kikombe cha chai kilimponyoka, msumari aliukosa, na alipotembea aliyumba mithili ya mlevi. Akawa mkali kwa mkewe bila ya sababu, kisha akawa msahaulifu. Watoto wa madrasa walimfuata nyuma wakimwigiza, nasi tulipowakemea tuliwakemea kwa sababu ya kelele tu.

Watu wa msikitini wakaanza kusema kwamba mzee anakunywa waragi kwa siri. Ijumaa moja aliambiwa aondoke safu ya mbele. Mkewe alipotujia akilia, tulimwambia kuwa hilo ni jini. Tukamsomea mumewe kwa siku saba, tukamnywesha kombe, na, Allah atusamehe, tukamshauri mama yule aache kumpa vidonge alivyopewa hospitalini ili kisomo kipate nafasi. Mzee hakupona. Alikonda, akawa anapaliwa na chakula, na huzuni ikamzidi.

Baadaye sana ndugu zake walimpeleka kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Daktari yule alianza kwa kuuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza: baba yake mzee alikufa vipi? Wakajibu kwamba naye alikufa akicheza, na shangazi yake pia, na kwamba huko kwao watu husema ukoo ule umelogwa. Damu ilipopimwa likapatikana jina: ugonjwa wa Huntington. Mzee alifariki miaka michache baadaye. Tunamuombea rehema.

Lakini habari haikuishia hapo. Mzee aliacha binti, na binti alikuja kuposwa na kijana mwema. Kabla ya nikaah, ami yake alituita pembeni akasema, "Maalim, habari ya ugonjwa tuiache. Sitara ya Muislamu ni wajibu." Tukanyamaza. Nikaah ikafungwa, biriani ikaliwa, na wakajaaliwa watoto wawili. Siku kijana alipoyasikia maneno mtaani alikuja madrasa, akakaa kwenye mkeka, akatuuliza, "Maalim, wewe ulijua?" Tulikosa la kumjibu. Hakumwacha mkewe, na hadi leo wanaishi pamoja. Alituambia kwamba ugonjwa ni kadari na ataubeba; kilichomuuma ni kuwa watu wote walijua isipokuwa yeye.

Familia hii imeturuhusu kuyaandika haya bila ya majina. Kuanzia siku ile tumejifunza tulichoweza juu ya maradhi haya, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Herufi zinazojirudia

Kila mmoja wetu ameumbwa na chembe hai, yaani seli, na ndani ya seli mna maandishi yanayoitwa DNA, au vinasaba. Maandishi haya yana herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T, na urefu wake ni kama herufi bilioni 3. Seti moja kamili ya herufi hizo mtu huipata kwa baba na nyingine kwa mama, ndiyo maana karibu kila jeni, yaani kila fungu la maandishi lenye kazi maalum, tunalo kwa nakala mbili.

Karibu nusu ya maandishi yote haya ni mafungu yanayojirudia, na mengi hayamdhuru mtu. Basi kujirudia peke yake siyo ugonjwa. Tatizo huja pale ambapo fungu fupi limo ndani ya jeni muhimu au jirani yake na idadi ya marudio ikavuka mpaka.

Wazazi mnaomwona mtoto akinakili aya kwenye ubao mtaelewa haraka. Akiandika maneno yanayotofautiana, kila neno linamwongoza kwenda kwa lifuatalo. Lakini mwambie aandike neno moja mara thelathini, uone. Macho yatateleza, hesabu itampotea, na badala ya thelathini ataandika thelathini na mbili. Seli nayo inaponakili DNA huteleza vivyo hivyo mahali penye herufi zinazojirudia, na kadiri marudio yanavyokuwa mengi ndivyo kuteleza kunavyokuwa rahisi.

Katika ugonjwa wa Huntington, herufi zenyewe ni C-A-G, katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 4. Sisi sote tunayo jeni hii. Mwenye marudio 26 au chini yake hana tatizo. Mwenye 27 hadi 35 kwa kawaida haugui yeye mwenyewe, lakini idadi inaweza kuongezeka kwa mtoto wake. Mwenye 36 hadi 39 anaweza kuugua au asiugue. Mwenye 40 na kuendelea ataugua akijaaliwa umri mrefu. Marudio yakizidi, protini inayotengenezwa na jeni hiyo huwa na mkia mrefu kupita kiasi, hushikamana mabonge mabonge na kuziharibu seli za ubongo, hasa zile za sehemu ya ndani zinazoongoza mwendo wa viungo.

Dalili mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 30 na 50, wakati ambao mtu ameshaoa na kuzaa. Viungo hucheza vyenyewe, tabia hubadilika, akili hupungua, na mgonjwa huishi kiasi cha miaka 15 hadi 20 baada ya hapo. Mara nyingine idadi hukua kutoka kizazi hadi kizazi, zaidi inapopitia kwa baba, na mtoto akaanza kuugua mapema kuliko mzazi wake. Wachache huugua kabla ya miaka 20, na hao aghalabu hukakamaa viungo, hupata kifafa na hurudi nyuma darasani. Walimu wenzetu, tulizingatie hili kabla ya kuinyanyua bakora juu ya mtoto ambaye mwandiko wake umeharibika ghafla.

Huntington ana ndugu zake. Mwaka 1991 wataalamu waligundua kuwa herufi C-G-G zikizidi marudio 200 katika jeni moja ya kromosomu X huleta udhaifu wa akili, hasa kwa watoto wa kiume. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba marudio ya G-A-A kwenye kromosomu ya 9 huleta ugonjwa wa Friedreich, ambao humnyima kijana uwezo wa kutembea sawasawa na huudhuru moyo. Yapo pia maradhi ya kupooza misuli na maradhi ya kuyumba mwendo yenye chanzo cha aina hiyo hiyo.

Nusu kwa nusu, kila mtoto

Kwa ugonjwa wa Huntington, nakala moja mbovu inatosha kumwangusha mtu. Kwa hiyo kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi nakala hiyo, awe wa kiume au wa kike. Wengine husema, "Wa kwanza ameupata, basi wa pili amenusurika." Hapana. Ni sawa na kurusha sarafu: kila mtoto hurushiwa ya kwake.

Yako mambo mawili hapa ambayo watu huyakosea.

La kwanza ni jambo la faraja. Mtoto ambaye hakurithi nakala mbovu hana cha kuwapa watoto wake, na kwake yeye mnyororo umekatika. Si haki kuusema ukoo mzima kuwa ni wagonjwa, wala kumkataa mjukuu ambaye huenda ni mzima kabisa.

La pili ni kinga ambayo watu huidhania kuwa ni kinga. Wasoga hawaoani ndani ya ukoo mmoja, na tumewasikia wazee wakijisifu kwamba kwa hilo wamesalimika na maradhi ya kurithi. Kwa baadhi ya maradhi desturi hii inasaidia kweli. Selimundu, ambao wengi wetu huuita sikoseli, unahitaji nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mtoto ana uwezekano wa robo wa kuugua. Ugonjwa wa Friedreich nao ni vivyo hivyo. Ndugu wa damu wakioana, hatari ya kukutanisha nakala mbili za aina hiyo huongezeka. Lakini Huntington haihitaji nakala ya pili. Hata ukioa kutoka Mbale, Gulu au Mombasa, nusu kwa nusu ni ile ile.

Si ugonjwa wa Wazungu peke yao

Ugonjwa huu umepewa jina la George Huntington, daktari kijana wa Marekani aliyeueleza vizuri mwaka 1872 kutokana na familia ambazo baba yake na babu yake, nao madaktari, walikuwa wakiwatibu kwenye kisiwa cha Long Island. Tazameni faida ya vizazi vitatu kuelezana walichokiona! Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa watu wenye asili ya Ulaya, ambao kwao huwapata kama watu 10 katika kila 100,000. Kwa Waafrika huonekana kwa uchache zaidi, lakini uchache si kutokuwepo.

Mwaka 1981 daktari Scrimgeour alichapisha taarifa juu ya ugonjwa wa Huntington nchini Tanzania. Mwaka 2001 wataalamu waligundua ndugu yake mwingine, unaofanana nao sana mpaka kwa macho huwezi kuutofautisha, lakini marudio yake yamo katika jeni nyingine, kwenye kromosomu ya 16. Huu wa pili umepatikana karibu wote kwa watu wenye asili ya Afrika, na huko Afrika Kusini umeonekana kwa familia nyingi. Maana yake ni kwamba Mwafrika mwenye dalili hizi akipimwa Huntington na asikutwe nayo, kazi ya daktari bado haijaisha.

Na mwaka 2020 ilichapishwa habari ambayo kila Mswahili anapaswa kuijua. Watafiti walichunguza ukoo mkubwa wa Oman wenye ugonjwa huu, wakaisoma DNA yao, na wakakuta kwamba nakala mbovu ilitoka kwa mhenga wa Kiafrika. Historia ya Oman na pwani yetu tunaijua: biashara, ndoa, na pia utumwa. Waliovuka bahari walivuka na lugha yao, na chakula chao, na dini yao, na ndani ya damu yao yamo yale ambayo hawakuyajua. Haitufai kumnyooshea kidole mtu wa pwani wala Mwarabu. Habari hii inatufundisha kwamba maradhi haya ni ya wanadamu, na sisi tumo.

Jinsi siri hii ilivyofunuliwa nayo ina mafunzo. Mama mmoja wa Marekani alifariki kwa ugonjwa huu mwaka 1978. Binti yake, Nancy Wexler, akijua kwamba yeye mwenyewe ana nusu kwa nusu, kuanzia mwaka 1979 alikwenda mara kwa mara katika vijiji vya Ziwa Maracaibo huko Venezuela, ambako ugonjwa ulikuwa umeenea kuliko mahali pengine popote. Yeye na wenzake waliandika nasaba ya watu zaidi ya 18,000. Familia zile maskini zilitoa damu yao, na kwa msaada huo ikajulikana mwaka 1983 kuwa jeni imo kwenye kromosomu ya 4, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana. Mwaka 2020 Bi Wexler alitangaza hadharani kwamba naye anaugua. Tunauliza: nasi tunaojivunia elimu ya nasaba, tumeandika nini?

Si kila mtetemeko ni wa kurithi

Tunawaomba wasomaji msije mkaisoma makala hii kisha mkamtazama kila jirani anayetetemeka mkasema ana Huntington. Mtoto anaweza kuchezwa na viungo baada ya maambukizi ya koo yaliyoleta homa ya baridi yabisi, na huyo hupona. Kaswende, virusi vya ukimwi, malaria iliyopanda kichwani, kifafa, na hata baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, vyote vinaweza kuvuruga viungo, na vingi vina tiba.

Huku Uganda tuna mifano ya wazi. Kaskazini, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, watoto walipata ugonjwa wa kutikisa kichwa, na watu wakasema ni mizimu ya waliouawa vitani. Utafiti umeuhusisha na minyoo inayoenezwa na usubi wa mitoni, na wagonjwa wapya walipungua sana baada ya 2012, dawa za minyoo zilipogawiwa na usubi kupigwa vita. Hapo Mbale pana hospitali ya CURE inayowapasua watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Sehemu kubwa ya watoto hao hawakurithi kitu wala hawakulogwa. Ni maambukizi yaliyowapata wakiwa wachanga.

Kwa hiyo mgonjwa aende hospitali kwanza, na familia ikaseme ukweli wote huko: babu alikufaje, shangazi alikufaje. Huyo daktari tuliyemtaja alipata nusu ya jibu kwa swali moja tu.

Jini, laana na sisi walimu

Tunaamini majini wapo, na kumsomea mgonjwa ni sunna ambayo hatuiachi. Lakini kusoma ni jambo moja, na kumzuilia mtu dawa ni jambo jingine kabisa. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kutafuta matibabu, naye ndiye aliyetufundisha kusoma, haviwezi kugombana. Mwalimu anayesema "acha vidonge" amesema neno asilokuwa na elimu nalo, na sisi tulilisema.

Wala tusiseme ni laana. Mgonjwa hakuchagua herufi zake, kama vile sisi hatukuchagua rangi ya macho yetu. Aliyemsema mzee yule kuwa mlevi alimzulia, na sharti la toba ya uzushi tunalijua: kumtaka radhi mwenyewe. Mzee ametangulia, hivyo tumekwenda kwa wanawe.

Ni kweli kwamba dawa ya kuung'oa ugonjwa huu bado haipo mikononi mwa watu. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza kwamba tiba yake ya jeni, inayotiwa kwenye ubongo kwa upasuaji, ilipunguza kasi ya ugonjwa katika majaribio, lakini waliojaribiwa ni wachache mno. Hata hivyo ziko dawa za kutuliza viungo, na za kuondoa huzuni kubwa ambayo imewafanya wagonjwa wengine wajidhuru. Na yapo yanayowezekana kila jikoni: uji mzito na matoke yaliyopondwa badala ya vyakula vya kupalia, chakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku kwa sababu mgonjwa hukonda upesi, na asikae karibu na moto wala sufuria ya mafuta. Kumhudumia hivyo ni ibada.

Sitara au ghishi?

Sasa tufike kwenye neno la yule ami. Wako masheikh wenzetu tunaowaheshimu wanaosema kuwa kufichua ugonjwa wa ukoo ni kuvunja sitara, na kwamba mabinti wa watu watakosa kuolewa. Hofu hii tunaielewa. Tumewaona mabinti wakikaa nyumbani kwa maneno ya mtaani tu.

Lakini sisi tunaona hivi. Sitara ni ya dhambi ambayo mja ameitubia, na ugonjwa si dhambi hata ukasitiriwa kama dhambi. Ndoa ni mkataba, na mkataba una haki za pande mbili. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i walizitaja aibu zinazompa mwenzi haki ya kuivunja ndoa, zikiwemo wazimu, ukoma na mbalanga. Hatusemi kwamba mtu mzima wa afya ambaye baba yake aliugua ana aibu hiyo. Hilo tunawaachia mafakihi. Tunachosema ni kuwa wakubwa wetu wa fiqhi waliona afya ni jambo la kuelezwa, wala hawakuona haya kuliandika vitabuni. Sokoni tunamkataza muuzaji kuficha kasoro ya mbuzi. Je, mwanadamu ana haki ndogo kuliko mnunuzi wa mbuzi?

Na tazameni matokeo ya kuficha. Binti yule hakuolewa na kijana aliyekubali. Aliolewa na kijana aliyefichwa. Lau kijana angekuwa na moyo mwepesi, binti angeachwa akiwa na watoto wawili. Kuficha hakukumlinda. Kulimuweka mahali pa hatari zaidi, na sisi tulishiriki.

Hata hivyo, kuna mpaka. Kueleza historia ya ukoo ni jambo moja; kumlazimisha mtu apimwe ni jingine. Huko Saudi Arabia tangu 2004 wachumba hupimwa kwa lazima selimundu na upungufu wa damu wa thalasemia, na faida yake ni wazi, kwa sababu mbebaji wa maradhi hayo kwa kawaida ni mzima na anaweza kuchagua mwenzi asiye mbebaji. Huntington ni tofauti. Anayepimwa na kukutwa nayo ameambiwa kitu kitakachompata yeye mwenyewe, bila ya kupewa dawa ya kukizuia. Wengine huona ni bora wajue wapange maisha yao, wengine huona ni bora wasijue, na wote wana haki. Utaratibu unaofuatwa na madaktari duniani ni kwamba anayetaka kupimwa awe mtu mzima aliyeamua mwenyewe, azungumze na mshauri kabla na baada, na watoto wasio na dalili wasipimwe. Binti wa mzee hajapimwa hadi leo, na hakuna mwenye haki ya kumuuliza kwa nini.

Tunapendekeza nini

1. Kila familia iwe na daftari la nasaba. Pamoja na majina na tarehe za kuzaliwa, liandikwe na jambo lililomuua mtu na umri aliokufa nao. Kazi hii wapewe vijana wawaulize bibi na babu kabla hawajaondoka.

2. Mashangazi wanaowafunda mabinti na wazee wanaowaongoza vijana waliweke swali la afya ya ukoo mapema, kwa siri na kwa adabu, kabla ya mahari na kabla ya kadi kuchapishwa. Anayeambiwa ni amana kwake, akikubali au asikubali.

3. Walimu wanaofungisha nikaah wasikubali kuwa washirika wa kuficha. Nasi tumeahidi kwamba hatutanyamaza tena kama tulivyonyamaza. Tutamtaka mwenye habari aiseme yeye mwenyewe, na akikataa hatutaifungisha ndoa hiyo.

4. Anayesomea wagonjwa asimwambie yeyote aache dawa ya hospitali.

5. Watoto wafundishwe madrasani kuwa kumwigiza mgonjwa ni dhambi. Sisi tumeanza somo hili, na tumelianza kwa kuwasimulia habari ya mzee fundi seremala, ambaye viti wanavyokalia vingine alivitengeneza yeye.

Tunajua baadhi yenu hamtakubaliana nasi, hasa katika pendekezo la tatu. Tuandikieni, au mtukute msikitini baada ya Alasiri. Tukikosea, turekebisheni. Lakini msituambie tunyamaze, kwa sababu kunyamaza tumeshakujaribu, na aliyelipa si sisi.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowahudumia, awarehemu waliotangulia, na atusamehe sisi tuliosema bila ya elimu na tukanyamaza tukiwa na elimu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.